Nilifungwa: je, ninaweza kuwa afisa ustawi wa jamii?

Muulizaji, Masasi:
Ndugu zangu, mwaka 2014 nilihukumiwa kifungo cha miezi sita kwa kuiba magunia mawili ya korosho katika ghala la chama cha msingi, nami nilikitumikia chote. Sasa ninaomba nafasi ya kusomea stashahada ya ustawi wa jamii, lakini fomu inauliza kama nimewahi kutiwa hatiani, na siku ya tatu leo kisanduku hicho bado ni kitupu. Nifanyeje?

Mdau, Lindi mjini:
Kaka, jibu ndiyo. Polisi watakapochukua alama za vidole kwa ajili ya cheti cha tabia njema, rekodi itaonekana, na uongo utakuangusha kuliko magunia yale. Ambatisha nakala ya hukumu na barua ya mtendaji wa kijiji aliyeuona mwenendo wako tangu utoke. Lau ungekuwa umemdhuru mtoto, ningekushauri uache kabisa, kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya 2009 humkabidhi afisa watoto wasio na mtetezi mwingine.

Mdau, Newala:
Naongezea. Chini ya Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002, wapo wanaotumikia adhabu nje ya gereza, wakifagia zahanati na kupanda miti. Hao wanahitaji msimamizi anayeijua aibu ya kurudi kijijini. Tafadhali usikate tamaa.

Muulizaji:
Ahsanteni sana. Nimeweka vema penye ndiyo. Kesho ninakwenda mahakama ya mwanzo kuomba nakala.