Kujitoa rasmi kwa Wamormoni: barua huandikwaje?

Mkazi wa Ngamiani: Shikamooni wakubwa. Mdogo wangu alibatizwa na Wamormoni, yaani Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, akiwa masomoni Marekani. Sasa tuko naye hapa Tanga, na tangu juzi karatasi imelala mezani kando ya taa, ina tarehe tu. Je, kuacha kuhudhuria hakutoshi?

Bibi wa Chumbageni: Marahaba, mwanangu. Hakutoshi, kwa kuwa jina hubaki kwenye kumbukumbu mpaka mwenyewe aombe kwa maandishi, atie sahihi na tarehe, kisha ampelekee askofu wake, ambaye kwao ni kiongozi wa usharika asiyelipwa mshahara.

Mwalimu, Raskazone: Ajue pia kwamba kujitoa hubatilisha ubatizo na baraka za hekaluni, na akitaka kurudi atahojiwa na kubatizwa upya. Msimharakishe, tafadhali.