Neno la kizungu lenye Q bila U mnalipataje?

Omosh_Kondele
Habari za jioni wakuu. Niko hapa Kondele, Kisumu, na kila Jumapili tukishakula mchana tunacheza Scrabble, ule mchezo wa kupanga herufi ziwe maneno kwa bodi, kila herufi na pointi zake, na majirani wa ploti, watu wanne, anayeshika mkia ananunua soda. Sasa mimi nimenunua soda wiki tatu mfululizo na shida ni moja tu, hii Q. Inanikujia mwisho wa gemu wakati U zimeshaisha, si ziko nne tu, naishika mkononi mpaka mwenzangu anamaliza herufi zake, mimi nakatwa pointi 10 na yeye anaongezewa hizo 10 zangu. Jameni! Kuna njia ya kutafuta maneno yenye herufi fulani, tuseme Q lakini isiwe na U, ama Z na X pamoja? Dikshonari nimefungua lakini inanipa tu yale yanaanza na Q, ile ya katikati nitaijuaje? Na isiwe kitu ya kumaliza bando, nataka kusoma nyumbani mapema, sio kuchungulia simu mezani.

Fundi_Lurambi
Pole ndugu yangu. Tafuta faili ya maneno, ile maandishi matupu, neno moja kila mstari, ukishaidaunlodi mara moja hutahitaji bando tena. Kama laptopu yako ina Linux fungua terminali, lile dirisha la kuandika amri, andika hivi:

grep q maneno.txt | grep -v u

Ya kwanza inaokota yote yenye q popote ilipo, ya pili inatupa nje yenye u. Ukitaka z na x ni grep z maneno.txt | grep x, unaunganisha tu kama paipu za maji. Utakutana na zax, kifaa cha kukatia mawe ya kuezeka paa, pointi 19 hata kabla hujagusa mraba wa rangi, ule unaozidisha pointi. Kama hauna Linux mwaga hiyo faili kwa Excel uchuje huko. Na kitu kingine, ukipanga herufi za neno kwa alfabeti, LISTEN inakuwa EILNST, na SILENT pia inakuwa EILNST, na TINSEL, na ENLIST, kwa hivyo maneno yenye herufi zile zile yanakutana pamoja. Programu nyingi za kutafuta maneno zinatumia hiyo hiyo tu, hakuna uchawi.

Bint_Bondeni
Fundi heshima yako lakini unamzungusha mtu mbuyu bure 😂 Mimi ni wa Nakuru, nimesoma madrasa, na Q hainisumbui hata siku moja. Omosh hayo maneno unayo tayari, ni vile kwa Kiswahili tunaandika k. Kadhi ni QADI. Talaka, TALAQ. Nikabu, NIQAB. Fakiri, FAQIR, hiyo ni 17. Kibla, QIBLA. Hata miraa, kule Yemen wanaita QAT na imo kwa kamusi. Nje ya hayo shika QI peke yake, ni ya Wachina, nguvu za mwili, herufi mbili tu na inaingia popote pana I.

jirani_nyalenda
Hayo ni ya kiarabu dada, kwetu ukiweka hiyo tunaitoa bodi inarudi mkononi.

Bint_Bondeni
Na safari ni ya wapi? Na askari? Basi toeni pia. UGALI yenyewe iko kwa Collins, ile kamusi ya Scrabble, fungua uone. Kubalianeni na kamusi moja kabla ya kuanza, sio kila mtu anatoa sheria yake kichwani gemu ikiwa moto.

Mwalimu_Bungoma
Binti amesema kweli. Vijana, hata maana si lazima muijue. Nigel Richards wa New Zealand alichukua ubingwa wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 na Kifaransa hakiongei, alikariri maneno tu. Mwaka huo huo Wellington Jighere wa Nigeria akawa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia kwa Kiingereza, na 2017 mashindano yakaletwa hapa hapa Nairobi. Sasa wewe Omosh maneno saba ya binti yakushinde? Andika kwa karatasi, bandika kando ya kioo, kila asubuhi ukipiga mswaki unayaona. Na ukijazwa irabu tupu mkononi AIOLI iko, ile sosi ya kitunguu saumu.

Omosh_Kondele
Nimerudi na ripoti. Jana nimeweka NIQAB kwa ule mraba wa neno mara mbili, 32 safi, watu wakaruka juu, kamusi ikafunguliwa, kimya. Lakini soda bado nimenunua mimi. Nilibaki na V mkononi nikakatwa 4 nikashika mkia kwa pointi 3. Kumbe V haina hata neno moja la herufi mbili?? Bint, hiyo nayo madrasa wanasemaje?

Bint_Bondeni
😂😂 Kiarabu hakina V kaka, hapo rudi kwa fundi.