Mliofika Pátzcuaro, mji wa ziwani kule Meksiko: tupeane uzoefu

Kijana wa Moshi (Houston)
Wakuu salaam. Kila Novemba ikikaribia watu wa kwetu hapa Houston wananiuliza, "hivi ule mji wa makaburi uliokwenda ni upi?" Nimechoka kumsimulia mmoja mmoja. Naanza mimi, na nyie mliofika mwage yenu.

Mji ni Pátzcuaro, jimbo la Michoacán, kando ya ziwa la jina hilohilo. Uko juu, zaidi ya mita 2,100, kwa hiyo msidanganywe kwamba Meksiko yote ni joto. Mimi mzaliwa wa Moshi nilinunua blanketi sokoni siku ya kwanza. Nyumba za katikati ya mji kuta nyeupe, chini zimepakwa nyekundu ya udongo, paa za vigae. Wenyeji wa ziwa ni Wapurépecha. Walikuwa na dola yao, na Waazteki pamoja na ubabe wao wote hawakuwaweza.

Usiku wa tarehe 1 kuamkia 2 Novemba, Siku ya Wafu, wenyeji wanapokesha makaburini na marehemu wao, nilikuwa Tzintzuntzan, mji mkuu wa zamani wa dola hiyo, siku hizi mji mdogo tu ziwani hapohapo. Makaburi yamefunikwa maua ya cempasúchil, rangi ya chungwa lililoiva, na petali zimemwagwa njiani ili marehemu wasipotee wakija. Mishumaa haihesabiki. Nilikuwa nazunguka na simu juu kama watalii wengine. Bibi mmoja amejitanda rebozo, ile shali yao ya bluu iliyoiva yenye mistari myembamba, amekaa kwenye kigoda kando ya kaburi anamenya chungwa. Vipande anavipanga juu ya kaburi, kimoja kimoja. Akaniangalia. Nikashusha simu. Akanipa kipande.

Kihispania changu ni cha saiti, nimejifunza kwa mafundi wenzangu, lakini nilimwelewa: mumewe alipenda machungwa na alikuwa mvivu wa kumenya. Nikakaa pale mpaka saa kumi alfajiri. Sisi Wachagga tunazika nyumbani migombani, na Desemba tunarudi wote. Ila kukesha na mtu wako ukimmenyea chungwa, sijawahi kuona.

Mama Nuru (Toronto)
Ahsante mwanangu. Mie ni wa Mombasa, nilikwenda mwezi wa Machi na binti yangu, hakuna sherehe, mji umetulia. Nazungumzia chakula, maana Waislamu wenzangu lazima mjue.

Kuna kitu chaitwa corunda. Ni unga wa mahindi, donge lenye pembe, lafungwa kwa jani refu la mhindi na kupikwa kwa mvuke, kisha lamwagiwa rojo la nyanya na pilipili na malai juu. Mahindi yenyewe kwa desturi huchemshwa na jivu kwanza ndipo yasagwe. Laini! Nilishalitia mdomoni donge la kwanza, binti yangu akamuuliza muuzaji limekandwa na nini. Mafuta ya nguruwe. Nikalitema kwenye leso mbele ya yule mama wa watu, na aibu niliyoona mpaka leo sijaisahau. Hata maharage wengi huyakaanga na mafuta hayohayo. Jifunzeni maneno mawili: "¿Lleva manteca?", yaani kina mafuta ya nguruwe? Ukijibiwa "sí", ndiyo, shukuru uende zako.

Mie nikaishi kwa samaki, matunda na atole, ambao ni uji wa mahindi, uji wetu huuhuu. Na jioni nieve de pasta, aiskrimu ya maziwa ya hapo mjini, unaikuta chini ya baraza za uwanja mkubwa. Hapo ndipo wanapocheza ngoma ya vizee: vijana wenye vinyago vya mbao vya wazee wanaocheka, wameinama na bakora, viatu vyao vya soli ya mbao vyapiga sakafu ta-ta-ta. Mara mzee mmoja ajifanya kiuno kimekaza, mara aruka kama mtoto. Binti yangu alicheka mpaka akakaa chini.

Ja-Dunga (Kisumu)
Mimi sitawapamba. Usiku wa sherehe nilienda Janitzio, kile kisiwa cha humo ziwani chenye sanamu ya Morelos, shujaa wa uhuru wa Meksiko, kama mita 40 hivi, unapanda ngazi ndani yake mpaka juu. Foleni ya boti ilinila masaa matatu. Kufika, vijana wamelewa, muziki juu, na familia zinajaribu kuomba katikati ya fujo hiyo. Niliona aibu kuwa mmoja wa waliojazana pale. Ukitaka utulivu tafuta visiwa vingine, Yunuén au Pacanda, au ufanye kama huyo wa Moshi.

Mchana nilirudi. Wanauza charales, samaki wadogo wa kukaanga, unawatafuna na kichwa. Jamani, ni omena! Hata harufu. Halafu wakaja wavuvi wa nyavu za kipepeo, zile mnazoona kwenye kadi za posta. Wanapanga mitumbwi, wanainua nyavu pamoja, watu wanapiga picha, kisha kofia inapitishwa. Samaki hakuna. Nilitaka kucheka, nikajizuia. Ziwa limepungua sana: Jarácuaro ilikuwa kisiwa, leo unaingia kwa gari. Samaki mweupe aliyewapa umaarufu karibu ameisha. Na gugumaji lipo, lilelile linalotusumbua Winam, ghuba yetu ya Ziwa Victoria. Nikatoa hela.

Msukuma Halisi
Visa ikoje wakuu? Na usalama?

Kijana wa Moshi (Houston)
Mkuu, ukiwa na visa hai ya Marekani, Kanada, Uingereza au Schengen, au ukaazi wa kudumu huko, visa ya Meksiko huihitaji. Hata hivyo waulize ubalozi kabla ya kukata tiketi. Usalama: serikali ya Marekani inawashauri raia wake wasiende Michoacán, sitakuficha. Mimi nilipanda basi mchana kutoka Morelia, mji mkuu wa jimbo, kama saa moja tu, na usiku sikutoka nje ya penye watu. Kila mtu apime mwenyewe.

Mwana wa Lubumbashi (Brussels)
Hamjataja shaba! Kusini kidogo mwa ziwa kuna Santa Clara del Cobre, mji mzima unafua shaba. Vasco de Quiroga, askofu wa kwanza wa Michoacán, anakumbukwa kwa kuhimiza kila kijiji kishike ufundi wake: huku vyungu, kule mbao, pale shaba. Ila Wapurépecha walikuwa wanafua shaba kabla yake, tusimpe sifa zote.

Niliingia karakana moja. Bonge la shaba limetoka motoni, jekundu, mmoja analishika kwa koleo na wanne wanalipiga nyundo kwa zamu, kama akina mama wanaotwanga kinu kimoja na michi haigongani. Nikauliza shaba inatoka mgodi gani. Wakacheka: nyaya kuukuu za umeme! Kwetu Katanga shaba tunaiona ikipita kwenye malori, inaondoka. Mababu zetu walisubu misalaba ya shaba wakafanya fedha, lakini nikiwa mtoto sikuwahi kuona mtu akifua hata sufuria. Nilisimama pale mpaka mwenye karakana akanipa nyundo nijaribu. Nikapiga mara tatu, akaniondoa. Nilikuwa naliharibu.

Mama Nuru (Toronto)
Na ukanunua nini baba?

Mwana wa Lubumbashi (Brussels)
Kikombe kimoja, mama. Kina alama zangu tatu, hakuna mwingine ambaye angekinunua.

Kijana wa Moshi (Houston)
😂😂 Novemba narudi. Vyumba vya Pátzcuaro huisha miezi kabla, mimi nimeshika cha watu wanne. Nafasi zimebaki mbili, anayetaka aje inbox.