Naomba ushauri: mobiliti ya chaji katika bismuthi teluridi

Mwanafizikia wa Changanyikeni:
Wakubwa zangu, shikamooni. Ninapima mobiliti, yaani wepesi wa chaji kusogea zinaposukumwa na uga wa umeme, katika kidonge cha bismuthi teluridi, nusukipitishi kinachogeuza tofauti ya joto kuwa umeme, chenye unene wa milimita 1. Natumia njia ya Hall, yaani kupima volti inayojitokeza kukingama mkondo sumaku inapowekwa, nikiweka miguso minne kingoni kwa utaratibu aliouchapisha van der Pauw mwaka 1958. Kwa vifaa hivyohivyo silikoni hunipa majibu yanayoaminika, lakini kidonge hiki hutoa volti inayopanda polepole kila niwashapo mkondo, na nikigeuza sumaku majibu hayapatani. Mkondo ni miliampia 100, sumaku ni tesla 0.5, na kwa joto hili la Dar feni haizimwi. Je, nibadilishe miguso?

Mzee wa Upanga:
Marahaba, mwanangu. Anza na hesabu kabla hujagusa miguso. Bismuthi teluridi ya kazi hii huwa na wabebaji wa chaji wapatao 10¹⁹ katika kila sentimita ya ujazo, hivyo kwa mkondo na sumaku yako volti ya Hall ni kama mikrovolti 31 tu. Kidonge hichohicho hutoa karibu mikrovolti 200 kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto, maana yake sehemu moja ya kumi ya nyuzi kati ya miguso miwili inatosha kukupa mikrovolti 20 za bure. Silikoni yenye wabebaji wachache ina volti ya Hall kubwa mara nyingi zaidi, ndiyo maana haikukusumbua.

Fundi wa Kimara:
Ndugu, joto analolisema Mzee halitoki kwenye feni pekee. Mkondo wako wenyewe hupasha mguso mmoja na kupoza mwingine, jambo aliloligundua Peltier mwaka 1834. Ukigeuza mkondo na sumaku kwa zamu, vipimo vinne vitaondoa makosa mengi, lakini athari ya Ettingshausen, yaani tofauti ya joto inayozuka kukingama mkondo na sumaku, hugeuka sawasawa na volti ya Hall na kwa hiyo itabaki. Tumia mkondo geu, yaani unaobadili mwelekeo mara nyingi kwa sekunde, ili joto lisipate muda wa kujijenga, na ukwepe hezi 50 na 100, kwa kuwa umeme wa Tanesco utaingilia usomaji. Kidonge kifunikwe kisipigwe na upepo.

Mwanafizikia wa Changanyikeni:
Nashukuru sana. Ukinzani nao je, niupime kwa mkondo mnyoofu kama kawaida?

Mzee wa Upanga:
Hapana, na hapo ndipo wengi hupotezwa na namba zinazoonekana safi. Ukisubiri usomaji utulie, volti ya joto hujumlishwa kwenye ukinzani, na kidonge kikiwa kimetengwa vizuri na joto la nje, ukinzani huonekana mkubwa kwa kizidisho cha 1 jumlisha zT, yaani kipimo cha ubora wa kitu katika kugeuza joto kuwa umeme. Bismuthi teluridi nzuri ina zT inayokaribia 1, na kwa kuwa mobiliti hupatikana kwa kugawanya kigawo cha Hall, kinachotokana na volti ya Hall, kwa ukinzani mahususi, unaweza kuandika nusu ya thamani halisi.

Fundi wa Kimara:
Ukishabadilisha mkondo, tuwekee hapa grafu za mikondo mitatu tofauti. Volti ya Hall ikiongezeka kwa uwiano uleule na mkondo, miguso yako ni mizima.