Baiskeli ya mashindano ya zamani kwa njia za changarawe: nianze na gia au na magurudumu?

Mpandaji wa Lushoto

Ndugu wapenzi wa baiskeli, salaam. Mjomba wangu ameniachia baiskeli ya Peugeot ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, iliyotengenezwa kwa ajili ya barabara za lami, ambayo alirudi nayo kutoka Uingereza baada ya masomo. Fremu ni ya chuma, imenyooka, na kutu niliyoiona imeishia juu juu. Rimu nazo ni za chuma, na tairi ni za inchi 27 kwa 1¼. Mbele kuna sahani mbili, ya meno 52 na ya meno 42, na nyuma kuna friwili (seti ya meno inayofungwa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu) ya ngazi sita inayoanzia meno 14 na kuishia 24. Wenzo za gia ziko kwenye bomba la chini la fremu na hazina vituo: unavuta mpaka mnyororo utulie.

Tatizo ni mahali ninapoishi. Njia ninazozipenda ni zile za vumbi zinazopanda juu ya Lushoto, kupita Magamba na kuelekea Lukozi na Mtae, ambako wakati wa kiangazi changarawe huteleza chini ya tairi na wakati wa masika udongo mwekundu hunata kila mahali. Nimejaribu safari moja tu, na mara nne nimelazimika kushuka na kusukuma, si kwa kukosa pumzi bali kwa sababu miguu haikuweza kuzungusha pedali.

Sitaki kuiuza ili ninunue mpya. Ningependa kujua gia ndogo kiasi gani inatosha kwa milima ya aina hii, tairi pana kiasi gani inaweza kuingia, na nianze na kipi, kwa kuwa fedha itapatikana kwa mafungu.

Fundi wa Moshi

Ndugu yangu, hongera kwa urithi huo. Nianze na gia, maana zina hesabu ambayo haibishaniwi.

Gurudumu lenye tairi ya upana wa milimita 35 husogea takriban mita 2.17 kila linapozunguka mara moja. Gia yako ndogo kabisa kwa sasa, 42 mbele na 24 nyuma, inakupeleka mita 3.80 kwa kila mzunguko wa pedali. Ili ukanyage mizunguko 60 kwa dakika, ambayo kwangu ni kiwango cha chini kabla magoti hayajaanza kuumia, ni lazima uende kilomita 13.7 kwa saa. Mpandaji na baiskeli yake wakiwa na jumla ya kilo 85, kwenye mwinuko wa asilimia 10 wenye changarawe, kasi hiyo inadai wati 350 hivi. Watu wachache sana wanaweza kutoa nguvu hiyo kwa muda mrefu, kwa hiyo usishangae kwamba ulishuka.

Ukibadilisha friwili peke yake na kuweka ya ngazi saba yenye meno 14 hadi 34, gia ndogo inakuwa mita 2.68, na mizunguko ile ile 60 inakupeleka kilomita 9.6 kwa saa. Ukiongeza na krenki (mikono ya pedali pamoja na sahani zake) ya sahani tatu za 48, 38 na 28, kama zile zinazokuja na baiskeli za mitumba za kutalii kutoka Ujerumani na Uholanzi, gia ya 28 kwa 34 inakuwa mita 1.79. Hapo unapanda kwa kilomita 6.4 kwa saa ukitumia wati 170 hivi, kazi ambayo mtu mwenye mazoezi ya kawaida anaweza kuifanya kwa saa nzima. Kwa milima ya Usambara, hiyo ndiyo gia ninayoipendekeza bila kusita. Upande wa juu hupotezi kitu cha maana, kwa kuwa 48 kwa 14 bado inakupa zaidi ya kilomita 35 kwa saa ukikanyaga mizunguko 80.

Hata hivyo, shilingi ya kwanza nisingeipeleka kwenye gia. Ningeipeleka kwenye magurudumu. Rimu ya inchi 27 inakaa tairi kwenye kipenyo cha milimita 630, na rimu ya 700C kwenye milimita 622. Ukihamia 700C unapata nafasi ya milimita 4 zaidi juu ya tairi, na tena unapata tairi za changarawe za kuchagua, kwa kuwa za inchi 27 zilizobaki sokoni ni chache na nyingi ni nyembamba. Zaidi ya hayo, rimu za alumini hushikwa na breki hata zikiwa na maji, ilhali rimu za chuma zikilowa hukuacha ukiteremka huku umebana breki kwa nguvu zako zote. Kushuka kutoka Magamba mvua ikinyesha ukiwa na rimu za chuma ni hatari ambayo nisingependa mtu yeyote aikubali.

Kabla hujanunua chochote, tupe vipimo vinne: upana kati ya mabomba ya nyuma pale tairi inapopita, upana ndani ya foki, umbali kati ya masikio mawili yanayoshika ekseli ya nyuma, na nafasi iliyobaki ya kushusha raba za breki.

Mwenzenu wa Grenoble

Ninaishi Ufaransa, na baiskeli za umri huo hupita mikononi mwangu mara kwa mara. Naunga mkono yaliyosemwa, ila kuna jambo moja ambalo lisipoangaliwa mapema litaharibu vifaa vya gharama: thredi, yaani mikato ya skrubu ambayo vifaa hufungwa kwayo.

Hadi karibu na katikati ya miaka ya 1980, viwanda vingi vya Ufaransa vilikata thredi kwa kipimo chao. Kwa kipimo hicho, vikombe vya ekseli ya krenki vina kipenyo cha milimita 35 na hatua (umbali kutoka thredi moja hadi inayofuata) ya milimita 1, na vyote viwili hufungwa kwa kuzungushia kulia. Kwa kipimo cha Kiingereza, ambacho ndicho kilichoenea duniani, kuna thredi 24 kwa inchi, na kikombe cha upande wa mnyororo hufungwa kwa kuzungushia kushoto. Fundi asiyejua tofauti hii atakizungusha kikombe cha kulia upande usiofaa, ataongeza bomba kwenye spana ili apate nguvu, na mwishowe ataharibu fremu.

Habu nayo ni hivyo hivyo. Thredi ya friwili ya Kifaransa ina kipenyo cha milimita 34.7, na ya Kiingereza karibu 34.9. Friwili ya kisasa itaingia kwenye habu ya Kifaransa ikiwa imelegea kidogo, itaonekana imekaa vizuri, halafu siku utakapokanyaga kwa nguvu mlimani itang'oa thredi za habu zote. Ndiyo maana nakubaliana na ndugu wa Moshi kwamba gurudumu jipya la nyuma litangulie.

Vikombe vya krenki, kama havijachimbika, usivitoe. Visafishe, weka grisi na gololi mpya, 11 za robo inchi kila upande. Krenki ya sahani tatu ikihitaji ekseli ndefu zaidi na ukakosa inayolingana na vikombe hivyo, kuna ekseli za kubana ambazo hutanuka ndani ya fremu bila kutegemea thredi.

Wazo jingine: Wafaransa walikwishapanda milima yao kwa tairi pana za 650B (kipimo cha gurudumu dogo kuliko 700C) na sahani nyingi tangu zamani. Paul de Vivie wa Saint-Étienne alitetea baiskeli ya gia nyingi wakati ambapo Tour de France ilikuwa ikiwakataza wapandaji kutumia kihamisha mnyororo, marufuku iliyoendelea hadi 1937. Baadhi ya watu hapa huziwekea fremu za zamani magurudumu ya 650B ili wapate tairi ya milimita 42. Labda uliangalie na hilo.

Fundi wa Moshi

Historia hiyo naiheshimu, lakini 650B kwa fremu hii naona italeta tabu. Rimu yake ni ya milimita 584, hivyo raba za breki zitatakiwa kushuka milimita 23 kutoka zilipo sasa, na breki za kawaida za fremu hii hazifiki huko. Pedali pia zitakaribia ardhi, jambo baya kwenye njia zenye mawe na mifereji ya mvua. Rimu hiyo ndiyo inayoitwa 27.5 kwenye baiskeli za mlimani, kwa hiyo tairi zake zinapatikana kwetu, ila nyingi ni za milimita 50 na kuendelea, ambazo hazitaingia kabisa.

Mpandaji wa Lushoto

Nawashukuru sana. Nimepima kwa kalipa ya kuazima. Kati ya mabomba ya nyuma kuna milimita 45, ndani ya foki kuna 47, na kati ya masikio ya nyuma kuna 126. Raba za breki zina milimita 6 za kushuka. Nyuma ya friwili sijaona alama yoyote ya kuonyesha aina ya thredi.

Jirani wa Eldoret

Kama hakuna alama, ichukulie kwamba habu ni ya Kifaransa na usijaribu kuifungia friwili mpya.

Mimi nina neno kuhusu friwili ya ngazi saba. Napanda mara kwa mara kutoka bonde la Kerio hadi Iten, zaidi ya mita 1,000 za kupanda, na kwa baiskeli yangu ya zamani nimepinda ekseli ya nyuma mara mbili. Sababu iko wazi: kwenye habu ya friwili, gololi za kulia ziko ndani, chini ya meno, hivyo kipande kirefu cha ekseli kinabaki bila kushikiliwa. Kadiri ngazi zinavyoongezeka, kipande hicho kinarefuka, na njia yenye mawe inakimaliza. Habu ya kaseti (meno yake huchomekwa badala ya kufungwa kwa thredi), ambayo Shimano walianza kuiuza mwaka 1978, huziweka gololi mbali upande wa nje, karibu na sikio la fremu. Ningekushauri uipanue fremu kutoka 126 hadi 130 na kuweka habu ya kaseti ya ngazi nane, 11 hadi 34. Wenzo zako zisizo na vituo zitaiendesha bila shida, kwa sababu hazijali idadi ya ngazi.

Fundi wa Moshi

Jirani amenishawishi. Ni milimita 2 tu kila upande, na chuma kinavumilia. Fremu ingekuwa ya alumini ningekataa katakata. Tumia bolti ndefu yenye nati mbili, tanua polepole, legeza, pima, rudia, kwa kuwa chuma hurudi nyuma kidogo kila unapokiachia. Kisha funga uzi kutoka sikio moja la nyuma, uzungushe mbele ya bomba la usukani, uurudishe hadi sikio la pili, na upime umbali wa uzi hadi bomba la kiti pande zote mbili. Vipimo vikitofautiana kwa zaidi ya milimita 1, sahihisha kabla ya kuendelea.

Kwa vipimo ulivyotoa, tairi ya milimita 35 itaingia na kuacha milimita 5 kila upande nyuma. Usizidishe hapo, maana udongo wa masika unahitaji pa kupitia. Raba za breki zitashuka milimita 4 kati ya 6 ulizonazo, kwa hiyo breki zako zinatosha. Kihamisha mnyororo cha nyuma kiwe cha mkono mrefu, cha baiskeli ya mlimani ya ngazi saba au nane. Ukiona sikio la fremu halina thredi ya kukifungia, tafuta kile kinachokuja na kishikio chake kinachobanwa na ekseli.

Mpandaji wa Lushoto

Basi mafungu yangu yatakuwa hivi: kwanza kupanua fremu na kununua magurudumu ya 700C yenye rimu za alumini, habu ya kaseti, tairi za 35, pamoja na kihamisha mnyororo cha mkono mrefu na mnyororo mpya, krenki itasubiri mavuno ya viazi. Hadi hapo nitapanda kwa 42 mbele na 34 nyuma. Nina uzito wa kilo 70. Je, tairi nizijaze upepo kiasi gani?

Jirani wa Eldoret

Ukitumia tyubu, anza na psi 45 nyuma na 40 mbele, kisha upunguze mbili mbili mpaka usikie rimu inakaribia kugonga jiwe, halafu urudishe tatu.