Naomba ushauri: dai la mgonjwa wa jetilegi limerudishwa, nijaze msimbo gani?

Binti wa Ujiji (Kigoma)

Ndugu zangu matabibu na watunza kumbukumbu za afya, nawasalimu. Ninaingiza misimbo ya magonjwa katika kituo cha binafsi hapa Kigoma mjini, na kwa mara ya kwanza nimepata mgonjwa ambaye sijui nimweke wapi. Ni mfanyabiashara wa vitenge aliyekaa Guangzhou wiki tatu, akatua Dar es Salaam Ijumaa, na Jumatatu akafika kwetu akilalamika kuumwa kichwa, kuchoka, kulemewa na usingizi kuanzia saa kumi na mbili jioni, kisha kuzinduka saa nane usiku asilale tena hadi alfajiri. Kipimo cha haraka cha malaria hakikuonyesha vimelea. Daktari aliandika, "Uchovu wa safari, apumzike," lakini nilipomuuliza kwa mdomo akasema ni jetilegi, yaani usingizi kuvurugika kwa kuvuka kanda za saa kwa ndege.

Nilitafuta mtandaoni nikapata G47.25, nikaujaza, na dai likarudishwa na bima kwa maelezo kwamba msimbo hautambuliki. Mhakiki ameuliza pia kwa nini mtu anayeamka saa 08:00 ahesabiwe kuwa mgonjwa. Mwenzangu wa dirishani ananishauri niandike malaria, kwa kuwa malaria hairudishwi. Nafsi yangu inakataa, ila mwisho wa mwezi umekaribia.

Mkaguzi Mstaafu

Binti, msimbo huo ni halali, ila si wa huku. Marekani wana toleo lao la ICD-10 (orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, toleo la kumi), walilolianza kutumia Oktoba 2015, ambamo kundi la G47.2 limekatwa vipande vidogo zaidi: 25 ni jetilegi, 26 ni usingizi uliovurugwa na kazi za zamu. Katika ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani hakuna vipande hivyo, unaishia G47.2, ambao ni wa matatizo ya mpangilio wa kulala na kuamka. ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022, imeyapa matatizo ya usingizi sura yake yenyewe, na humo jetilegi ni 7A65, lakini huo pia usiujaze ikiwa mfumo wenu bado unasoma toleo la kumi. Na mtu asikuelekeze F51.2, kwa maana huo umo katika sura ya maradhi ya akili na tabia, na chanzo cha tatizo la mgonjwa wako ni ndege.

Kuhusu malaria, usithubutu. Takwimu za MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) hulinganishwa na vipimo vilivyoonyesha vimelea na dawa mseto iliyotoka stoo, na wewe ndiye utakayeulizwa.

Tabibu wa Zamu (Tabora)

Namuunga mkono mzee, ila kwa maoni yangu msimbo ndio tatizo dogo. Tatizo kubwa ni kwamba jalada halina kitu, na msimbo haujazwi kwa maneno yaliyosemwa koridoni. "Uchovu wa safari" unaweza kuwa wa mtu yeyote aliyeshuka treni ya Dar es Salaam hapa Tabora akiwa amekesha kwenye kiti, naye hajavuka kanda hata moja ya saa. Mtu wa namna hiyo akilala usiku mmoja vizuri amepona. Jetilegi inahitaji mtu awe amevuka kwa ndege angalau kanda mbili, ashindwe kulala au asinzie mchana, na ndani ya siku moja au mbili baada ya kufika aanze kujisikia vibaya au kushindwa shughuli zake, bila ugonjwa mwingine unaoeleza hali hiyo vizuri zaidi. Ndiyo maana hata ninyi wa Kigoma mkienda Kalemie au Bujumbura, ambako saa hurudi nyuma moja tu, hamna cha kudai!

Mgonjwa wako amevuka saa tano kuelekea magharibi. Saa nane usiku ya Kigoma ni saa moja asubuhi ya Guangzhou, na saa kumi na mbili jioni ya kwenu ni saa tano usiku ya kule, kwa hiyo dalili zake zinafuata saa ya alikotoka, na wiki tatu zilitosha kuuzoesha mwili wake saa hiyo. Daktari akiyaandika hayo, pamoja na tarehe ya kutua, siku dalili zilipoanza, dawa alizotumia na jibu la malaria, hakuna mhakiki atakayeuliza swali.

Mama Mwandiga

Hiyo 08:00 naijua. Mapokezi waliandika "saa 8" kama mgonjwa alivyotamka, na aliyeingiza kwenye kompyuta akaisoma kizungu. Kwetu tulikubaliana kuandika "saa nane usiku (02:00)", yote mawili, hata kama nafasi ni finyu. Na usifute kosa kwa wino mweupe, dada. Pigeni mstari mmoja, aliyekosea atie saini na tarehe.

Binti wa Ujiji (Kigoma)

Nawashukuru sana, hasa mzee. Nimemrudishia daktari jalada, akanung'unika kidogo, kisha akaongeza chini ya maandishi yake ya awali, kwa tarehe ya leo: "Nyongeza. Ametoka Guangzhou baada ya wiki 3, tofauti ya saa 5, ametua Ijumaa. Tangu Jumamosi anasinzia jioni na kuzinduka saa nane usiku (02:00), ameshindwa kufungua duka. Hana homa, kipimo cha malaria hakina vimelea, hatumii dawa yoyote. Jetilegi. Akae kwenye mwanga wa jua alasiri, asilale kabla ya saa tatu usiku (21:00), arudi baada ya siku 5 asipopata nafuu." Mapokezi nao wamerekebisha ile saa na kutia saini. Nimejaza G47.2 na dai limeondoka mchana huu.