Alizeti za njia ya Lira: mwenye shamba anataka laki nne, nilipe au nibadilishe laini?

Mpitanjia
Wakubwa habari za leo, naombeni ushauri, kichwa kinaniuma tangu juzi. Niko Kampala ila kazi inanizungusha sana vijijini na huwa natembea na kamera. Wiki jana nikiwa naelekea Lira, tulipoiacha Kamdini nikaona shamba la alizeti limechanua lote, njano mpaka macho yanauma, jioni hivi, maua yote yamegeukia jua linazama. Nikapiga picha nikaondoka zangu. Jana napigiwa simu na mtu anasema ndiye mwenye shamba, namba kapewa na boda aliyenibeba, anataka laki nne. Laki nne kwa picha jamani! Maua yake yako palepale sikuyabeba. Nilipe au nibadilishe laini?

Jicho la Kuku
Mkuu jioni ulijiponza, alizeti ni asubuhi. Huku kwetu karibu na ikweta jua halichelewi kupanda, saa moja mwanga mtamu, ikigonga saa tatu ushaharibikiwa, petali zinatoka nyeupe kama karatasi. Simama mashariki jua likupige mgongoni, chuchumaa kamera ifike usawa wa ua, hapo shamba dogo linaonekana halina mwisho. Ulitumia lenzi gani?

Mama wa Sipi
Mwanangu hayo ya laki nne nayaelewa. Sisi huku mlimani kahawa ikichanua baada ya mvua ni kweupe kila mahali, harufu kama asmini, na ni siku chache tu yameanguka. Basi wageni wanakuja na simu wanavuta tawi liwakaribie uso. Sasa ukipukutisha lile ua buni itatoka wapi? Kuna mmoja alikalia mche wangu mchanga akidhani ni majani ya porini. Sikumdai, nikampikia na chai. Ile chai inaniuma mpaka leo.

Boda Mstaafu
Shukuru ni alizeti. Mimi darajani Karuma, pale mto Nile, nilitaka kupiga picha maji tu yanavyochemka, askari wakanifutisha simu nzima, mpaka picha za ubatizo wa mtoto zikaenda. Nyani wamekaa kando ya barabara wananiangalia.

Kichwa Ngumu
Lipa laki nne lakini akupe risiti na jerikani la mafuta ya kupikia

Binti Arua
Nina swali moja tu. Mkulima aache jembe amtafute boda, aombe namba, apige Kampala, kisa mtu alisimama barabarani akabonyeza kamera? Ulikuwa na nani na mlifika wapi?

Mpitanjia
Sawa dada, sikuwa peke yangu. Nilikuwa na jamaa na mchumba wake, wana kwanjula, ile sherehe ya kutambulishwa ukweni, mwezi ujao walitaka picha za kijijini, na msichana wa vipodozi, na kijana wa kunishikia taa. Tuliingia ndani kidogo. Gauni lilikuwa na mkia kwa hiyo mashina machache yalilala, lakini si hata upepo unayalaza? Na sikuwalazimisha, wao ndio walitaka katikati.

Mkulima wa Simu
Mimi alizeti nalima. Mstari na mstari sentimita 75, shina na shina 30. Gauni la mkia linapita wapi hapo? Na hizi mbegu za kununua shina moja kichwa kimoja, likivunjika kabla hazijajaa humo hamna kitu tena mpaka msimu mwingine, na mbegu ununue upya. Lakini kuna jambo halijanikaa. Alizeti inafuata jua ikiwa changa, ikishafunguka vizuri inatulia inatazama mashariki, asubuhi mashariki, jioni mashariki. Wewe yako iligeukia jua linazama ni ya nchi gani?

Kichwa Ngumu
Eeeh! Uzi wa kutunga huu. Kesho anatuwekea namba ya studio na bei

Boda Mstaafu
Na mimi nimetoa siri zangu za Karuma bure kumbe

Jicho la Kuku
Si nilisema jioni hapana. Weka picha moja tuone kivuli kimelala upande gani.

Mama wa Sipi
Mwacheni aseme. Anayetunga angejitungia kisa kinachompendeza.

Mpitanjia
Sijatunga. Ilikuwa asubuhi, saa kumi na mbili na nusu. Jioni tulifika kweli, tukamkuta mwenyewe, tukamwomba, akakataa, akasema ana mizinga humo na nyuki ndio wanamjazia mbegu hataki fujo. Tukaenda kulala Lira tukarudi kabla hajafika shambani. Ndiyo maana niliandika jioni. Sasa mniambie ningefanyaje, watu wamekodi gauni, wamenilipa laki nane, nirudi Kampala na picha za lami?

Binti Arua
Kumbe ulikatazwa ssebo. Hilo ndilo ungeanza nalo. Rudi mchana, mtafute mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, wa hapo, mwenye shamba awepo, mhesabu mashina yaliyovunjika moja moja, uombe radhi ulipe. Ukibadilisha laini boda anaijua sura yako.

Kichwa Ngumu
Nyuki je hawakumfanya kitu bwana harusi?

Mpitanjia
Sikioni. Picha nne nimezipiga upande mmoja tu.

Nitalipa, mimi si mwizi. Ila Jumamosi kuna wengine washatoa kianzio, na maua hayasubiri, wiki mbili hizi vichwa vinainama yamekwisha. Nikimaliza hiyo kazi namlipa yote.

Mkulima wa Simu
Jumamosi shamba lipi?

Mpitanjia
La jirani. Huyu nishamtumia hela kwa simu kabisa, karuhusu.

Mama wa Sipi
Jirani huyo na mwenye shamba ni nani na nani, mwanangu?

Mpitanjia
Boda anasema ni mdogo wake. Lakini hawaelewani.